Karatasi ya Kaki Kwenye Msumari

Saa mbili kasorobo asubuhi, siku ya kufungua shule, sketi mpya ya Nukta iligoma kufunga kiunoni. Kifungo na tundu lake vilitazamana kwa upana wa vidole viwili bila kukutana. Chini, pindo lilikuwa limetua katikati ya goti, palepale lilipotua la mwaka uliopita.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na jicho lake liliona yote mawili kwa mpigo mmoja. La kiuno alilishughulikia: alifumua mshono wa ubavuni, akaachia kitambaa kilichokunjwa ndani, akapiga mshono mpya. La pindo alilishukuru.

"Wewe hunitii hasara," alisema, akikata uzi kwa meno. "Wenzio kila muhula nguo imepanda mapajani. Wewe nikikata nimekata."

"Shuleni wananiita Nukta," alisema mtoto. "Eti mwalimu akimaliza sentensi, ananiweka mimi."

"Waambie sentensi bila nukta haiishi."

Mtoto alicheka, akavaa sketi, juu ya shati akavaa sweta, ingawa jua lilikuwa limeshapasha bati la kibanda. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Meza ya kukatia ilimfika kidevuni. Ilikuwa meza ndefu ya kwenda juu, iliyorithiwa kutoka kwa fundi mwanamume, na mama mwenyewe aliifikia kwa kupanda kisanduku cha mbao. Nukta alikuwa ameapa tangu mdogo kwamba siku atakayokata kitambaa miguu yake ikiwa sakafuni, kisanduku hicho kitakwenda jikoni kuwa kuni.

Nyuma ya cherehani, kwenye msumari, ilining'inia karatasi ya kaki. Kila mteja wa kudumu alikuwa na yake: fundi humpima mtu, huchora umbo la nguo kwenye karatasi, huikata, na tangu hapo nguo zote za mtu huyo hufuata karatasi hiyo. Za watoto hazidumu. Mtoto akikua, karatasi hutupwa na nyingine kukatwa. Ya Nukta ilikuwa imedumu. Mwaka ule, kwa kuwa mtoto alikuwa amepanuka, fundi alibandika kipande chembamba kila ubavu, akairudisha msumarini. Chini hakugusa.

Kabla mtoto hajaondoka, wifi yake fundi aliingia kufuata gauni. Alikuwa dada wa mume wa fundi, na kama wote wa ukoo ule, aliingia akiinamisha kichwa chini ya kizingiti. Mume mwenyewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuonekana nyumbani kama mwezi mwandamo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Wifi alimgeuza mtoto kwa bega, akamtazama usoni, kisha akamtazama mama. "Wifi, huyu mbona hakui? Wangu na huyu wamepishana miezi mitatu, na huyu sasa anamfika kwapani. Uso umemvimba. Na hilo sweta la nini jua lote hili?"

"Anasikia baridi."

"Baridi ipi?"

"Yake. Wengine wana joto lao."

"Mpeleke akaonwe, wifi. Mimi nasema kwa wema."

"Mtoto amenirithi mimi mama yake. Ulitaka amrithi nani, mlingoti wa bendera?"

"Mimi sijasema hivyo."

"Umefuata gauni. Gauni lile pale."

Wifi alichukua gauni lake, akainamisha kichwa tena, akatoka.

Kwa haki, ni lazima kielezwe kilichokuwa kati yao. Siku ya harusi ya fundi, wifi huyohuyo aliuliza, kwa sauti iliyofika meza ya mwisho, kama bibi harusi ameshasimama au bado amekaa. Watu walicheka. Bwana harusi naye alicheka. Tangu siku hiyo, neno lolote la wifi kuhusu kimo liliingia sikioni mwa fundi likiwa limeshageuka tusi. Asubuhi ile neno lilikuwa ni ushauri, tena wa kweli. Sikio la kufa halisikii dawa, na hili lilikuwa limeziba kwa kicheko cha miaka mingi.

Fundi hakuishia kutosikia. Alifanya kile alichokijua kuliko watu wote wa mtaa ule. Aliupandisha mkanda wa sketi juu kidogo ya kiuno ili miguu ionekane mirefu. Aliyashona marinda yakasimama wima hadi nyongani, ili jicho lipande na kushuka badala ya kwenda pembeni. Kola aliipunguza. Kwenye picha ya darasa, Nukta alionekana kama mtoto aliyesimama mbali na wenzake. Hakuonekana mfupi. Walimu waliomwona kila siku walisema tu kwamba ni mtoto nadhifu. Ilikuwa kazi safi, na ilikula miaka miwili.

Nukta alikuwa na miaka kumi na minne wauguzi walipofika shuleni kupima macho. Waliwapanga watoto kwa madarasa. Zamu yake ilipofika, muuguzi alimwonyesha kwa kidole foleni ya pembeni.

"Darasa la nne ni kule."

"Mimi si wa darasa la nne."

"Mtoto, usinichezee, nina watu mia hapa. Una miaka mingapi?"

Alipotaja, muuguzi aliweka chini kadi ya herufi. Alimshika kiganja, kikavu na cha baridi. Akamuuliza analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, na choo anapata mara ngapi. Kisha akamwambia amlete mama yake hospitalini wiki ileile, bila kukosa.

Chumba cha daktari kilikuwa na kitanda chembamba, dirisha lenye wavu, na ubao wa kupimia kimo uliopigiliwa ukutani. Daktari alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye mazoea ya kusubiri jibu. Alimpima Nukta mara mbili, kisha akamgeukia mama.

"Nguo za huyu binti ziliacha lini kumfupia?"

Kina mama wengi hulijibu swali hilo kwa kukuna kichwa. Fundi alijua jibu lake hadi mwezi.

"Sikumbuki, daktari."

Nukta aligeuza shingo akamtazama.

"Kwa kukisia tu."

"Nguo za watoto huchakaa kabla hazijawa fupi."

"Nauliza kwa sababu moja," alisema daktari. "Kuna mtoto anayekua polepole tangu mwanzo. Huyo mara nyingi amerithi, na tunamsubiri. Na kuna aliyekuwa akienda vizuri, halafu akasimama. Huyo tunamtafutia ugonjwa siku hiyohiyo. Wewe mwenyewe, mama, si mrefu."

"Hata kiti chako kimenizidi, daktari. Miguu inaelea."

Daktari alitabasamu. "Basi inawezekana ni ya kurithi. Mrudishe baada ya miezi sita nimpime tena, tujue anakwenda au hapana."

Walitoka. Walipofika getini Nukta alisimama.

"Mama, si karatasi yangu ipo msumarini? Kwa nini hukumwambia?"

"Twende, wateja wananisubiri."

"Uliniambia sikutii hasara. Nilikuwa darasa la tano. Mimi nakumbuka."

"Mwanangu, yale ni mambo ya kazi."

"Miezi sita ni mingi," alisema Nukta. Hakuwa akilia. Alikuwa anasema kama mtu aliyechoka, na kwa kweli siku hizo alikuwa amechoka tangu anapoamka. "Nimechoka kuwekwa foleni ya watoto."

Fundi alitazama njia ya kwenda kibandani, kisha dirisha la daktari. Kusema kweli mbele ya daktari kulimaanisha kusema kwamba wifi aliona, na kwamba yeye, mwenye futi shingoni kutwa nzima, aliona kabla ya wifi. Alimwambia mtoto akae kwenye benchi. Alikwenda kibandani, akaitoa karatasi msumarini, akaikunja kwapani, akarudi. Foleni ilibidi aipange upya.

"Umesahau kitu?" aliuliza daktari.

"Nimekumbuka kitu."

Aliitandaza karatasi kitandani, akailaza kwa viganja kama anavyolaza kitambaa kabla ya kukata. Akaonyesha kwa kidole.

"Hapa ubavuni nimeongeza miaka miwili iliyopita. Hapa mwaka jana. Hiki kipya ni cha mwaka huu. Amekuwa akipanuka. Sasa tazama chini. Huu ukingo ni wa mkasi wa kwanza. Sijawahi kuuongeza."

"Tangu lini?"

"Alipotimiza kumi na mmoja."

Daktari aliinama juu ya karatasi. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa chini, kutoka pembe hadi pembe.

"Na hukuona?"

"Niliona," alisema fundi. "Nilidhani ni faida."

Daktari hakumgombeza. Alimwita Nukta, akampapasa shingo, akamgonga goti na kutazama mguu ukirudi taratibu, akaandika damu ikapimwe na mkono wa kushoto upigwe picha. Majibu yalirudi wiki iliyofuata. Tezi ya shingoni, ambayo kazi yake ni kuuambia mwili uende kwa mwendo gani, ilikuwa karibu imeacha kazi. Baridi, usingizi, uso kuvimba, choo kigumu na kimo kilichosimama, vyote vilitoka hapo. Dawa yake ilikuwa kidonge kimoja kidogo kila asubuhi kabla ya kula, maisha yote.

"Kwa hiyo atakua," alisema fundi.

"Atakua. Picha inaonyesha mifupa ya mtoto mdogo kuliko umri wake, bado ina nafasi." Daktari aliiweka picha mezani. "Lakini nisikudanganye. Angeletwa mwaka ule wa kwanza, angerudisha karibu kimo chote alichopoteza. Sasa atarudisha sehemu. Dawa ikiingia, mifupa nayo huanza kukomaa kwa haraka, na ikikomaa hufunga. Ni mashindano, na tumeanza nyuma."

"Angefika wapi?" Swali hilo aliuliza Nukta.

Daktari alimuuliza kimo cha baba, akapiga hesabu. "Pengine ungempita mama yako kwa kichwa kizima."

Jumapili fundi alikwenda kwa wifi yake. Alimkuta anaanua nguo, akiifikia kamba bila kunyoosha mikono.

"Wifi, ulisema kweli, na nilikufukuza."

Wifi alisikiliza habari yote, nguo zikiwa begani. Alikuwa na kila haki ya kusema nilikwambia.

"Niliwafanya watu wakucheke siku ya harusi yako," alisema mwishowe. "Ungeniamini vipi? Ningeufunga mdomo wangu siku ile, ungeufungua mlango wako siku hii."

"Mdomo ni wako. Mtoto alikuwa wangu."

"Haya, shika upande huo wa shuka tukunje." Wakakunja.

Mwaka wa kwanza wa dawa, karatasi ya kaki ilibandikwa kipande chini, kisha kingine, kisha kingine tena, hadi ikawa na mkia. Sweta liligawiwa mtoto wa jirani. Uso wa Nukta ulichongoka, usingizi ukamtoka, na ulimi ukaamka.

"Mama, sketi imekuwa fupi tena. Nakutia hasara."

"Nitie," alisema fundi. "Nitie mpaka nifilisike."

Alishona mapindo mapana kama kiganja, ya kuachia kila mwezi. Mkanda wa sketi aliurudisha kiunoni, marinda akayaacha yafunguke. Kila asubuhi alimwekea mtoto kidonge na bilauri ya maji mezani, akasimama hapo mpaka kimemezwa, ingawa Nukta alimwambia kwamba hata askari jela hupumzika.

Mwaka wa pili Nukta alianza hedhi. Vipande vya chini vilipungua, kisha vikawa vyembamba kama utepe. Picha mpya ya mkono ilipopigwa, daktari aliiinua dirishani kwenye mwanga, akaonyesha mistari ya mwisho wa mifupa: ilikuwa imebaki kama nyuzi. Fundi aliuliza kama kidonge kinaweza kuongezwa. Daktari alisema hapana. Kingi zaidi kingeifunga mifupa upesi zaidi na kumchosha moyo. Aliuliza kuhusu maziwa, mayai, mazoezi ya kuning'inia, chupa ya unga wa kurefusha aliyoiona ikiuzwa sokoni. Daktari alijibu kila swali. Chakula kizuri aendelee nacho, usingizi pia, na chupa aiache kwa mwuzaji.

Akiwa na miaka kumi na saba, Nukta hakuhitaji tena mapindo kuachiwa. Mapana aliyoachiwa na mama yake yalibaki ndani ya sketi, yamekunjwa, hayakuachiwa. Alikuwa amefika sikioni mwa mama yake.

"Ungenipeleka hospitali siku ya kwanza shangazi aliposema," alisema siku moja, macho yake yakiwa kwenye sindano, "ningekuwa wapi sasa?"

Fundi aliacha kukanyaga pedali. Jibu alikuwa nalo, na safari hii alilitoa. Alinyanyuka, akaweka kiganja hewani juu ya kichwa chake mwenyewe, juu zaidi, kwa kichwa kizima alichokitaja daktari. Nukta alikitazama kile kiganja kwa muda. Kisha akarudi kwenye sindano.

Miezi sita baadaye walikwenda hospitalini kwa kipimo cha kawaida. Nukta alivua viatu, akasimama ubaoni, visigino ukutani. Daktari alishusha kibao hadi utosini, akakisoma, akamwomba apumue na kusimama upya, akakisoma tena. Kimo kilikuwa kilekile cha mara iliyopita. Picha ya mkono ilionyesha mifupa imefunga.

Walirudi kibandani. Mezani kulikuwa na kitambaa cha sare za watoto wa darasa la kwanza, kimeshachorwa kwa chaki. Nukta alichukua mkasi, akakivuta kisanduku kwa mguu, akapanda, akaanza kukata.