Jezi Iliyoshushwa

Ilpo alimkuta Reijo, mtunza vifaa wa timu, akipiga pasi jezi namba kumi na saba iliyokuwa kubwa kama shuka.

"Hiyo atavaa dubu?"

"Ni yako. Inapanda paani leo kabla ya mechi. Kwani hukuambiwa?"

Hakuambiwa. Na katika mpira wa magongo wa barafuni, jezi ya mtu ikishatundikwa paani, huyo kaisha. Namba yake haivaliwi tena, hata na yeye mwenyewe. Ilpo alikuwa winga wa kushoto wa timu ya Kuusilahti tangu ujana wake. Goti lilimlia kila akipanda ngazi, na meno ya mbele, ya bandia, aliyavua kabla ya kulala. Lakini kuacha, hakusema anaacha.

Akamfuata kocha Jouni, ambaye zamani walicheza pamoja.

"Jouni, mnanizika huku napumua?"

"Ni heshima, kaka. Zulia jekundu, maua, watu watalia. Wewe vaa suti tu."

"Suti imeliwa na nondo."

"Ilpo, leo huchezi."

"Si umeniweka kikosini?"

"Kwa heshima."

"Basi nitakaa benchi kwa heshima."

Jioni taa zikapunguzwa, zulia likatandikwa juu ya barafu. Ilpo akatoka na viatu vyake vya kutelezea, helmeti kichwani, gongo mkononi. Muziki wa huzuni ukaanza, na jezi ikapanda taratibu. Yeye akateleza moja kwa moja hadi kwa Reijo, aliyekuwa akivuta kamba.

"Shusha."

"Nitafukuzwa, bwana wee!"

"Sema nimekunyang'anya."

Na kweli akamnyang'anya. Jezi ikaporomoka, ikamfunika mtangazaji pamoja na maua yake. Kisha mashabiki wa jukwaa la nyuma ya goli wakaanza kupiga miguu chini, wakaitaja namba yake mpaka vioo vikatetemeka.

"Babu, wajukuu wanakungoja ukale uji!" beki mmoja wa wageni akampigia kelele.

"Waambie waanze, nachelewa."

Kipindi cha kwanza kikapita, na cha pili. Jouni alipita nyuma ya benchi akigusa mabega ya wanaoingia. Bega la Ilpo hakuligusa.

Katika kipindi cha tatu na cha mwisho timu zilikuwa sare. Kijana Eetu, aliyekuwa akicheza upande wa Ilpo, akarudi benchi mbio huku mchezo ukiendelea, kama sheria inavyoruhusu.

"Ilpo, ingia wewe! Nimechoka!"

Hakuwa hata akihema. Jouni akafungua mdomo, lakini Ilpo alikuwa amekwisha kuuruka ukuta mfupi wa benchi.

Kisahani kinachochezwa badala ya mpira kikamfikia pembeni, na yule beki wa wageni akamjia na kifua kama kabati. Ilpo angeweza kukwepa, ila angekipoteza. Akasubiri, akampasia mwenzake katikati, ndipo akabamizwa ukutani. Goli hakuliona. Alilisikia tu, maana paa zima lilinguruma.

Akarudi benchi akitema damu. Jouni akatikisa kichwa, halafu akamgusa bega.

"Zamu ijayo unaingia tena."

"Na kesho?"

"Mazoezi saa nne. Usichelewe."

"Lini nimechelewa mimi?"

Mwisho wa benchi Reijo alikuwa ameikunja ile jezi kubwa na kuikalia, maana ubao ule una baridi sana.