Chupi ya Kifaransa

Wazazi wenzangu, mwenye binti asikie, na asiye naye amwambie jirani.

Mama mmoja, muuza mkaa, alikuwa na wasiwasi mpaka mtaa mzima ukamwita Mama Polisi. Binti yake wa mwisho, Kitinda, akitumwa chumvi akakawia kidogo tu, mama yuko barabarani, kiatu mguu mmoja, anasimamisha wapita njia. Hakuwa mkorofi. Alimpenda yule mtoto kupita kiasi, basi.

Kitinda alipomaliza shule alipata nafasi ya majaribio kwa Madamu, mbunifu wa mavazi. Duka lake lilikuwa na kuta za waridi na mlango wa kijani, na nguo za mle ndani, ukizitazama sana, macho yanaomba likizo. Asubuhi wasichana walishona. Mchana, cherehani zikinyamaza, Madamu aliwafundisha Kifaransa, maana wateja wake wakubwa walikuwa wa lugha hiyo. Ubao hana, kitabu hana. Alifundisha kwa nguo. Ukilitaja vazi sawasawa, unalivaa juu ya nguo zako na kuringa nalo mbele ya kioo. Mwenzako akikushinda, unalivua, unampa. Atakayeongoza ndiye atakayeajiriwa kupokea wageni, na roho ya Kitinda yote ilikuwa hapo.

Nyumbani aliosha vyombo huku akinong'ona.

"Unaongea na nani?"

"Najizoeza, mama."

"Unajizoeza kuniacha?"

"Jamani, mama! Najizoeza kusema soksi."

Mama hakutulia. Siku moja akaenda kusimama chini ya dirisha la duka. Pazia limefungwa. Akamsikia Madamu: "Haya Kitinda, umeshindwa. Vua hiyo chupi ya njano, mpe mwenzako." Vicheko. "Na wewe ivae, tukuone ukizunguka!"

Mama hakungoja la pili. Aliusukuma mlango ukagonga ukuta.

"Madamu! Mwanangu nilimleta kushona, sikumleta kuvuana chupi! Tena za kupokezana!"

Kwenye kochi walikaa wateja wawili. Mbele ya kioo alisimama Kitinda na gauni lake lote mwilini, ameshika sketi ya njano iliyofika magotini.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "ni jupe, si chupi. Kwa Kifaransa jupe ni sketi. Sketi, mama."

Mteja mmoja alikohoa mpaka akatoka nje. Madamu alibana midomo, lakini mabega yakamsaliti. "Mama mwenzangu," akasema, "hiyo nyingine nayo ina jina lake, ila hatujafika huko."

Watu walicheka, wakaendelea na yao. Kitinda hakucheka. Usiku hakula, na kulipokucha hakuoga.

"Siendi tena. Nitauza mkaa na wewe. Si ndivyo ulivyotaka, nikae unaponiona?"

Ndivyo alivyotaka, kweli, na sasa amepata. Binti amechuchumaa kando ya magunia, mdomo umefungwa, hata ule mnong'ono haupo. Mama alimtazama asubuhi nzima, moyo ukawa mzito kuliko gunia. Akanawa masizi, akavaa gauni la kutokea, akaondoka bila kuaga.

"Madamu, nimekuja kuomba radhi. Kosa ni langu. Mtoto amebaki kuuza mkaa; usimfutie nafasi."

"Nafasi ipo. Ila anaona aibu kurudi."

"Basi hiyo aibu nipe mimi. Nikalishe na hao watoto, unifundishe."

Wasichana wakasogeana. Madamu akainua shati jeupe la kiume. "Chemise," akatamka, na mama akasikia neno analolijua.

"Hiyo sasa unanionea, Madamu. Shimizi hiyo? Hilo ni shati! Shimizi huvaliwa ndani, mimi ninayo hapa, nikuonyeshe?"

"Usinionyeshe! Kwao shati ndilo chemise."

"Basi kwao wanavaa vibaya!"

Darasa zima liliangua kicheko, na mama akacheka nao mpaka machozi. Alipojifuta ndipo akamwona Kitinda mlangoni, anahema, vumbi la mkaa usoni. Alikuwa amezunguka mtaa mzima akiuliza kila mtu kama amemwona mama yake.

"Mama, ukibishana na mwalimu hivi utanifukuzisha kazi."

"Kazi gani?" akauliza Madamu. "Nimesikia unauza mkaa."

Kitinda alitazama chini, kisha akatazama sketi, makoti, na mama yake katikati ya wale wasichana, amebana magoti kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Nimerudi, Madamu."

Mzazi mwenzangu, usisimame dirishani kama yule. Ingia, keti, uliza.

Kitinda alinawa mikono, akalichukua lile shati, akamvalisha mama yake juu ya gauni na kumfunga vifungo kimoja kimoja hadi shingoni.

"Sema polepole, mama. Nakusikiliza."