Madirisha ya Gidudu

Gidudu, mwuza saruji wa Mbale mjini, alipokuja kujenga Malukhu hakujenga nyumba, alijenga dharau. Mtaa mzima ulikuwa wa nyumba za chini, ukipiga chafya jikoni jirani anakwambia pole. Yeye akapandisha ghorofa, na madirisha yote ya juu yakautazama ua wa Khainza.

Khainza alikuwa mjane wa askari wa magereza. Uani alikuwa na bafu la mabati lisilo na paa, na humo alioga tangu alipoolewa, jua likimkausha mgongo bure. Sasa mafundi wa Gidudu walimsalimia kutoka juu akiwa na povu usoni.

"Mama Margret, maji leo ni ya moto?"

Akawa anaoga kwa kuviziavizia, kama mwizi wa maji yake mwenyewe. Mwisho akamwita Norman, mkaguzi wa majengo.

"Ramani yake imepitishwa, mama," Norman alisema. "Ameacha nafasi inayotakiwa kutoka kwenye uzio."

"Na macho umeyapimia nafasi gani?"

"Macho hayamo kwenye sheria."

"Basi hiyo sheria iliandikwa na mtu mwenye bafu la ndani."

Norman akacheka, akamaliza chai, akaenda zake. Ikabaki kuhama. Dada yake aliyekaa Walukuba, kule Jinja, alishamwambia aje wabanane chumba kimoja. Khainza akaanza kufunga vyombo, kila sufuria ikimuuma kama jino.

"Mama, usifunge kwanza," alisema binti yake, Margret, akiangalia chini. "Gidudu anataka kuleta wazee."

"Waje kuniomba radhi?"

"Waje kuniomba mimi."

Khainza akakaa juu ya mzigo. "Yaani mwanamume amejenga ghorofa ili akuone ukianika nguo? Si angekuja tu na kilo ya sukari?"

"Nilimwambia hivyo. Akasema saruji anaipata kwa bei ya jumla."

Khainza alifungua mdomo akatae, kisha akaufunga. Alikumbuka jambo ambalo Gidudu, kwa mapenzi yake, alikuwa amelisahau. Kwa Wagisu, kabila lao, mkwe na mama wa mkewe hawaonani. Akimwona njiani, anaingia kichakani, awe na suti, awe na baiskeli. Akimkodolea macho, anatoa mbuzi wa faini.

"Waambie waje Jumamosi," alisema, akaanza kufungua sufuria.

Wazee wakaja, wakala, wakakubaliana. Jumatatu asubuhi Gidudu akapanda juu kukagua plasta, anapiga mluzi. Khainza akatoka na mkeka na ungo wa maharage. Mluzi ukakatika. Mkwe alikuwa ameanguka kifudifudi sakafuni kama aliyepigwa risasi.

Ngazi zilikuwa nje, zinatazama uani. Khainza alichambua maharage moja moja, maharage aliyokwisha kuyachambua jana yake. Jua likapanda. Mafundi walishika mbavu, wakaacha kazi kabisa.

"Mama, mtu ataiva pale juu," Margret alinong'ona.

"Mtu gani? Mimi sioni mtu. Mila hainiruhusu."

"Hajanywa hata chai."

"Mkienda kuishi mle, itakuwa hivi kila siku. Mimi maharage ninayo mengi."

Margret akapanda ngazi, akainama mlangoni, akashuka akiuma midomo asicheke.

"Anasema analishusha."

"Anashusha nini?"

"Ghorofa."

"Nusu?"

Sauti kavu ikatoka sakafuni, haikumwambia mtu yeyote kwa jina. "Lote. Mwambie mama lote. Ila akachambulie ndani."

Khainza akakunja mkeka taratibu, akaingia ndani na kufunga mlango, mkwe wake apate kushuka na alama za changarawe shavuni.

Kabla mvua hazijaanza, kuta za juu zilikuwa chini na mabati yamekaa usawa wa mabati ya wengine. Norman alipita, akasimama, akamwuliza fundi ni sheria gani iliyofanya kazi hiyo. Fundi akamwambia haina ofisi.

Siku hiyo Khainza aliingia bafuni saa sita mchana, jua kali. Akajimwagia maji bila haraka, akajipaka sabuni mpaka masikioni, akatazama juu kwa makusudi. Kulikuwa na mawingu machache na ukingo wa mlima Wanale, ambao ulikuwapo kabla yake na haukuwa na nia ya kuoa mtu.