Anayemwitikia Kabula

Kweleakwelea wakishakwenda kulala kwenye matete, Devota huweka debe chini, hujifunga kanga upya na kuanzisha Rozari akiwa juu ya dungu lake. Msimu wa kuamia ndege, wanajumuiya wa Mtakatifu Ana huziacha nyumba zao za Katindiuka na kuhamia mashambani, kila mtu kwenye kibanda chake cha miti kilichoinuliwa juu ya mpunga. Kutoka dungu moja utaona paa la lingine, mwenye paa humwoni. Kwa hiyo wanasali kwa kupaza sauti. Mmoja anaongoza fungu lake la Salamu Maria kumi, wengine wanaitikia kutoka walipo, na anayeongoza haendi kwenye Salamu Maria inayofuata mpaka aitikiwe.

Ni watu wa kusifiwa, tuseme ukweli. Mtu aliyeshinda juani akipiga debe na kurusha mawe kwa teo ana haki ya kula ugali wake na kulala. Hawa wanasali kwanza. Na sauti ya mtu ikikosekana, wanakwenda kumwangalia. Frida alipougua malaria mwaka jana, mzee Leodegar, mwenyekiti wa jumuiya, alivuka maji ya kiunoni na chupa ya uji kichwani kwa sababu tu hakumsikia akiitikia. Alimkuta anatetemeka, akamnywesha, wakamalizia Rozari pamoja.

Fungu la mwisho mwaka huu lilikuwa la Kabula. Alibatizwa Pasaka, na Devota ndiye mama yake wa ubatizo. Wakati wa mafundisho Kabula alimuuliza mtu anampendaje Mungu asiyemwona. Devota akacheka. "We anza kuongea naye, mwanangu. Mapenzi yatawakuta mmeshazoeana." Kabula akaanza siku hiyo hiyo, akipalilia, akipika, akioga, na hakuacha tena.

Tatizo lilikuwa ng'ombe. Baada ya Pasaka kundi lilipita mashambani alfajiri, likala mpunga wa Frida, wa katekista Tadei na nusu ya shamba la Devota, likaondoka bila mwenyewe kuonekana. Kabula ni Msukuma. Hana ng'ombe, hana ndama, hana hata kamba ya kumfungia ndama. Mumewe yuko Uchindile anapasua mbao, na mpunga wake yeye pia uliliwa ukingoni. Lakini watu walihitaji mtu wa kumnunia, na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Hakuna aliyemtukana. Jioni ile fungu lake lilipofika, aliongoza Salamu Maria ya kwanza, na bonde zima likanyamaza. Akairudia kwa sauti kubwa zaidi, akidhani upepo umeichukua. Akairudia mpaka mbu wakatoka, yuko pale pale kwenye ile ya kwanza, maana kanuni aliijua. Ndipo sauti ikamwitikia kutoka dungu la Octavian.

Octavian hakuwepo. Mwaka huu amepata kazi ya kukata miwa Kidatu, na dungu lake, lililo ng'ambo ya shamba la Kabula, limebaki tupu. Sauti ilikuwa ya mtu mzima, tulivu, isiyo na haraka. Iliitikia fungu lote mpaka Atukuzwe, ikasema Amina. Kabula akashukuru, akaenda kubandika ugali.

Kesho yake Tadei alimpigia Octavian simu. Octavian akasema yuko kwenye miwa, na kwa kelele zilizosikika alikuwa kwenye miwa kweli. Tadei akaenda mwenyewe, akapanda ngazi ya dungu. Hakukuwa na mtu. Mkeka ulikuwa umebonyea mahali pamoja, na alipoutazama ukabonyea kidogo zaidi, kama mtu anayejiweka vizuri. Tadei ni mtu wa adabu. Akasema shikamoo.

"Marahaba," sauti ikaitika.

Hilo halikuthibitisha kitu, kwa sababu wanaomzidi Tadei umri ni wengi. Wakamtuma mzee Leodegar, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote bondeni na hajamwamkia mtu shikamoo tangu walipomzika kaka yake. Mzee alipanda taratibu, akavua kofia, akaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mpunga unaendeleaje?"

"Unaendelea vizuri, Bwana. Ndege tu."

"Ndege wapo," sauti ikakubali.

Mzee Leodegar akashuka na kuwaambia wenzake kwamba ni Mungu. Wakasema sawa. Frida akauliza kama anakula samaki, kisha akampelekea mbelege wa kuchoma kwenye jani la mgomba. Asubuhi jani lilikuwa limekunjwa vizuri.

Akawa jirani kama majirani wengine. Mchana alifukuza ndege kwa "hoo, hoo" ya kawaida. Mzee Leodegar alisema lafudhi yake ni ya Kindamba kabisa. Frida, ambaye ni Mpogoro, akabisha. Kabula hakubishana na mtu, yeye alisikia mzee wa kwao Magu. Tadei alirekodi kwa simu na kutuma kwenye kundi la jumuiya, na waliobaki mjini wakajibu Amina na vile vikono viwili. Kilichomsumbua Tadei ni kimoja tu: Mungu anawezaje kumwambia Maria utuombee sisi wakosefu? Frida akamwambia labda hakutaka Kabula aseme peke yake. Tadei akaona hilo linaweza kufundishwa.

Mzee Leodegar, kwa cheo chake, alimwachia fungu la kwanza. Wakanyamaza wote kumsubiri. Hakuongoza, wala mafungu ya wengine hakuyaitikia. Lilipofika la Kabula, akaitikia. Basi mwenyekiti akatoa uamuzi kwamba mambo yamekaa sawa. "Kama Mungu mwenyewe anamwitikia, sisi tumwitikie wa nini? Tutamwingilia." Wote walipumua, kwa sababu kumnyima mtu sala kulikuwa kumeanza kuwaelemea, na sasa kulikuwa kumepata sababu nzuri.

Kabula alikutana na Devota njiani, wote wametoka kuchota maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, mbona huniitikii?"

Devota akatua ndoo. "Si unaitikiwa? Tena na nani! Mimi toka nibatizwe sijaitikiwa hivyo."

"Namshukuru. Ila nakutaka na wewe."

"Kabula, miguu yangu unaiona. Wenzangu wasipokuja kunivunia, mpunga utaniozea majini. Nikikuitikia, hawaji."

"Ng'ombe sio wangu, mama."

"Najua. Wote tunajua."

Kabula akamtwisha ndoo kichwani, maana Devota peke yake hawezi kuinyanyua. Mwingine angekata tamaa hapo, na nani angemlaumu? Yeye jioni ile aliitikia fungu la Devota, la Frida, la Tadei na la mzee Leodegar kwa sauti iliyowaamsha waliokuwa wanasinzia. Aliwaitikia hivyo kila jioni. Sijui imani nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo, na sioni aibu kusema kwamba namwonea wivu.

Wenzake nao walikuwa na wivu, ila wa aina nyingine. Tadei alikuwa amefikiri sana. Mungu, alisema, anamwitikia asiyeitikiwa. Basi wakimnyamazia mtu mwingine, naye ataitikiwa. Walimchagua Frida kwa sababu ya yale maradhi yake ya mwaka jana. Jioni ilipofika Frida akaongoza Salamu Maria yake ya kwanza, bonde likanyamaza, na kila mmoja akageuza uso kuelekea dungu la Octavian, simu mkononi.

Aliyeitikia ni Kabula. Hakuna aliyemwambia mpango, na kama angeambiwa sidhani kama angeweza kunyamaza. Alimsikia mwenzake yuko peke yake, akamwitikia fungu lote, kila Salamu Maria, bila kuchoka, mpaka Atukuzwe. Dungu la Octavian halikutoa sauti.

"Angenyamaza kidogo tu," Frida alisema baadaye, karibu alie, "tungemsikia." Tadei akasema ni kweli, na mwenyekiti akasema Kabula bado mchanga katika imani, atazoea. Inauma kuyasema haya juu ya watu wema, lakini walikuwa wema na walisema hivyo.

Mpunga ukaiva. Zamu za kuvuniana zikapangwa, ya kwanza ikiwa ya Devota kwa sababu ya miguu. Jioni ya mwisho kabla ya kuvuna Kabula alimaliza fungu lake, sauti ikasema Amina, kisha watu wakaanza kuagana, dungu kwa dungu. Kabula akasogea ukingoni mwa dungu lake.

"Mama Devota! Upo?"

Devota alikuwepo. Alikuwa amekaa, rozari mkononi na kanga mdomoni. Fungu lote la Kabula alikuwa ameliitikia ndani ya kanga hiyo, kama alivyofanya siku zote, asisikike na mtu. Akaiuma kanga.

"Mama, upo?"

"Yupo," sauti ikajibu kutoka dungu la Octavian.

"Haya," Kabula akasema. "Mwambie alale salama."

Yalisikika mpaka kwa mzee Leodegar. Asubuhi walikwenda wote kumvunia Devota, wakaanzia upande ulio mbali na shamba la Kabula.