Mpinzani wa Jikoni

Wakili wa upande wa Hapana kwenye mdahalo wa kura ya maoni alikuwa amekauka sauti. Habari hiyo ilimfikia Kipaza nyuma ya jukwaa la ukumbi wa manispaa, akifunga tai huku dada yake amemshikia simu iwe kioo, naye aliipokea kwa furaha ambayo hakujisumbua hata kuificha.

"Amekauka kabisa?"

"Kabisa. Ananong'ona kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto," dada yake akasema. "Wanadai wataleta mtu mwingine."

"Wamlete yeyote. Wamlete na babu yake."

Kwa maneno, Kipaza hakuwa na dogo. Alikuwa ametangaza mpira redioni tangu ana nywele nyingi, na kazi ile ilimwachia tabia moja ambayo haikumtoka tena: hewani hakuachwi kimya. Mpira ukitoka nje, sema. Mchezaji akiumia, sema. Taa zikizimika uwanjani na huoni hata mkono wako, hapo ndipo useme zaidi. Kwa hiyo jimbo lilipotangaziwa kura ya maoni, kuamua kama libaki lilipo au lijitenge liwe nchi huru, watu wa Ndiyo walimkimbilia yeye kabla hawajamfikiria mtu mwingine yeyote. Na wala hakuwa mpiga domo wa kukodiwa. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba jimbo limekamuliwa vya kutosha na wakubwa wa ng'ambo ya daraja, na aliposema hivyo mbele ya watu, mishipa ya shingo ilimsimama kwelikweli.

Mkewe ndiye aliyezaliwa huko ng'ambo ya daraja. Alikuwa mfamasia, mwenye duka la dawa jirani na stendi, mwanamke wa maneno machache. Alizoea kumweleza mtu jambo mara moja, kisha akamkazia macho mpaka ahakikishe limeingia. Alikuja huku kwa ajili ya ndoa. Mama yake mzazi alibaki kule, peke yake, macho yakizidi kumfifia, na kila Jumamosi asubuhi mfamasia alichukua kapu akavuka daraja kwa miguu, akamfulia mama, akampangia dawa za wiki nzima kwenye vikombe vya rangi mbalimbali, akarudi. Kipaza alimpenda mama mkwe wake. Alimpelekea redio nzuri ili amsikie mkwewe akitangaza.

Mazoezi ya mdahalo yalifanyika jikoni, mkewe akimenya viazi na yeye akizunguka meza, na walikuwa na utaratibu wao. Mkewe akitupia taulo la jikoni begani, anakuwa Mpinzani: anaisemea Hapana, na wanaitana Mheshimiwa. Taulo likishuka, mchezo umekwisha, wanarudi kuwa baba na mama watoto wanaovutana kuhusu bomba linalovuja. Kila hoja ya Mpinzani Kipaza aliipa alama, kati ya kumi, na hakuwa bahili. "Nane hiyo, Mheshimiwa, umenibana kwenye kona." Huko kambini kwa watu wa Ndiyo alijigamba kwamba nyumbani anapambana na simba, na huku nje anakutana na paka tu.

Jioni moja, taulo likiwa begani, Mpinzani aliweka kisu chini.

"Mheshimiwa, mimi nimezaliwa kule. Rasimu yenu ya katiba inasema aliyezaliwa kule achague: awe raia wa huku na avuke kwa kibali, au arudi kwao. Mama yangu haoni. Siku kibali kikichelewa, nani atampangia dawa?"

Kipaza alisimama, akapiga kidole. "Hiyo nzuri. Hiyo watanirushia, hawaachi." Akaizunguka meza, midomo ikimcheza, mpaka jibu likamjia likiwa tamu, limekamilika. "Mipaka huchorwa kwenye karatasi, ndugu zangu, haichorwi kwenye damu! Ni nchi gani huru itakayomzuia mtoto kwenda kwa mama yake?" Akalirudia, safari hii mkono ukiwa juu.

"Vizuri," mkewe akasema. "Hapo umenishika."

Kipaza alimpa saba. Hoja ina machozi mengi, alimweleza, halafu ushahidi kiduchu. Mkewe akaokota kisu akaendelea na viazi. Jibu lile, kwa upande wake, lilitoka jikoni likaenda mbali: lilipigwa chapa kwenye fulana, likaandikwa ukutani stendi, mpaka wanafunzi wakawa wanaliimba wakitoka shule.

Sasa ukumbi ulikuwa umejaa pomoni, watu wamekaa hadi kwenye ngazi. Mwongozaji wa mdahalo, jaji mstaafu asiye na mchezo, alisogeza kipaza sauti. "Upande wa Hapana umepata msemaji mwingine," alisema. "Amejitolea mwenyewe. Karibu, mama."

Mlango wa pembeni ukafunguka, akaingia mkewe.

Wazo la kwanza la Kipaza lilikuwa kwamba amesahau miwani nyumbani na mama watoto kamletea. Alijipapasa mfukoni. Miwani ilikuwepo. Wazo la pili lilikuwa kwamba kuna mtu kafariki. Mkewe akampita bila kusema neno, akiwa na gauni lake la kazini na nywele amezifunga nyuma, akaketi kwenye kiti cha wakili.

"Wifi?" dada yake Kipaza alisema kutoka mstari wa mbele, kwa sauti iliyosikika hadi kwenye ngazi. Fulana yake ya Ndiyo ilikuwa na yale maneno ya karatasi na damu kifuani. Mdomo ukambaki wazi.

Kipaza alikufa ganzi. Alitaka kucheka, akijiambia huu ni utani, tena utani mkubwa, na baadaye jikoni watacheka mpaka wavunjike mbavu. Akamtazama mkewe kwa macho ya kumwomba ishara. Akagusa bega lake mwenyewe, taratibu, watu wasione. Mkewe aliona. Akatikisa kichwa. Bega lake lilikuwa tupu.

"Sina mengi," mkewe alianza, kwa sauti ileile ya dukani. "Mimi ni mfamasia. Wengi wenu mnanifahamu. Nimezaliwa ng'ambo ya daraja. Rasimu inasema aliyezaliwa kule achague: awe raia wa huku na avuke kwa kibali, au arudi kwao. Mama yangu haoni. Siku kibali kikichelewa, nani atampangia dawa?"

Yalikuwa maneno yaleyale. Kipaza aliyajua hata mahali pa kupumulia. Lakini mkewe hakuishia pale alipozoea kuishia.

"Nimekaa nalo muda mrefu, na sikuja hapa kuwatisha. Ndiyo ikishinda, sitaomba kibali cha kwenda kwa mama yangu. Nitachagua kurudi kwetu. Mume wangu ni mtu mzuri na ninampenda. Nitamwacha."

Hata feni za darini zilionekana kuzunguka kwa adabu. Mtu mmoja nyuma alikohoa, akajutia. Kipaza alipigwa na butwaa la mtu anayeambiwa jina lake si lake: alisikia kila neno, akalielewa, na bado hakupata pa kuliweka. Wamekula pamoja mchana. Alimkumbusha afunge gesi. Mwanamke huyu alifunga gesi, akachukua mkoba, akaja kusema hivi mbele ya watu wote hawa.

"Msemaji wa Ndiyo," jaji akasema, "una dakika mbili za kumjibu."

Taa nyekundu ya kipaza sauti ikawaka mbele yake. Alijua alichotakiwa kufanya. Alitakiwa kushuka kwenye kiti, amshike mkewe mkono, waondoke zao. Au aseme tu hana jibu. Binadamu wangapi wamewahi kusema hawana jibu na mbingu hazikuanguka? Lakini taa ilikuwa nyekundu, kimya kilikuwa kinarefuka hewani, na mdomo wake, mdomo ule uliomlisha maisha yake yote, ukafunguka wenyewe.

"Mipaka huchorwa kwenye karatasi, ndugu zangu," alijisikia akisema, "haichorwi kwenye damu! Ni nchi gani huru itakayomzuia mtoto kwenda kwa mama yake?"

Mkono ukapanda juu. Wenyewe.

Ukumbi ulilipuka. Watu walisimama juu ya viti, wakapiga miluzi, wakaimba. Waliokuja bila msimamo walisimama na wenzao, wengine wakifuta machozi. Hakuna aliyewahi kulisikia jibu lile likisemwa kwa uchungu wa kweli namna ile. Katikati ya kelele hizo mkewe aliinamia upande wake, kama wanavyoinamiana mezani kuombana chumvi.

"Vizuri," akamwambia. "Hapo umenishika."

Walimbeba juujuu hadi barabarani. Alipigapiga mikono akitaka kushushwa, wakadhani anawasalimia. Alipofanikiwa kufika nyumbani jua lilikuwa linazama, kiatu kimoja hakijulikani kilipo, tai imehamia mgongoni. Mkewe alikuwa ameketi jikoni. Hakuwa akimenya chochote, na mikono yake mitupu juu ya meza ile ilimtisha Kipaza kuliko yote aliyoyasikia ukumbini.

"Mama watoto," alisema, akabaki mlangoni. "Ungeniambia."

"Nilikwambia."

"Lini?"

Mkewe akaelekeza kidevu ukutani. Taulo lilining'inia kwenye msumari wake, limekunjwa vizuri.

"Yale yalikuwa mazoezi," Kipaza akasema.

"Yalikuwa mazoezi yako. Mimi sikuwa na pengine pa kusemea, baba watoto. Nikikwambia jambo hivihivi, unanikatiza kabla sijamaliza, unanichekesha, nasahau. Nikiweka taulo begani unanyamaza. Unasema, endelea Mheshimiwa. Nikaona basi, nitasemea hapo, ipo siku atasikia kwamba ni mimi."

"Nilikuwa nasikia."

"Ulikuwa unanipa alama." Alisema bila ukali, na heri angefoka. "Ya mama ulinipa saba."

Kipaza alivuta kiti akakaa. Aliwaza jioni zile zote, viazi vyote vile, mkewe akimweleza waziwazi kwamba mama yake hawezi kuachwa, na yeye akizunguka meza kwa furaha, akimshukuru kwa kumnoa. Alijisikia mjinga, na chini ya ujinga huo palikuwa na hofu tupu.

"Utaondoka kweli?"

"Unaniuliza, au unafanya mazoezi?"

"Nakuuliza."

Mkewe alimkazia macho, vile anavyomtazama mgonjwa aliyepewa dawa kali, mpaka akahakikisha kwamba anasikiliza. "Kweli," akasema.

"Basi nitapiga Hapana." Sauti ilimtoka nyembamba, haikufaa hata kutangazia mechi ya ndondo ya mtaani. "Unasikia? Jumapili naingia pale kwenye kura, napiga Hapana. Kwa ajili yako. Kwa ajili ya mama."

Hapo ndipo mkewe alipolia. Hakulia sana; alichukua taulo msumarini akajifuta uso, akalishika mapajani. Nje, barabarani, wimbo ulikuwa unapita, ule wa karatasi na damu, watu wengi kwa pamoja, wakiuanza upya kabla hawajaumaliza.

"Asante," alisema. "Lakini kura yako ni moja, mume wangu. Leo umewageuza wangapi?"

Kipaza alifungua mdomo. Wimbo ukapita mlangoni, ukakata kona ya stendi, na yeye bado mdomo u wazi.