Kipande cha Kijivu Kaskazini mwa Soko

...na bado ni kijivu, vipande vingine vyote vya ramani kwenye skrini vimeshajaa, mitaa, mifereji, paa la soko na mistari yake myembamba kama uzi, ila kile kimoja tu, pale kaskazini mwa soko, kimebaki mraba mtupu, na kiduara kinazunguka katikati yake, kinazunguka, kinazunguka, na simu iko sikioni, na baba anauliza, "Umeshafika sokoni?" na yeye anajibu nimefika baba, subiri kidogo, mtandao unavuta, na kweli unavuta, lakini sicho kinachomtisha... kinachomtisha ni kwamba ramani yenyewe, ile ya karatasi, pana kuliko meza mbili, aliyoichora baba kwa mkono wake alipokuwa mchora ramani wa mji, haipo tena, ilikufa miezi mitatu iliyopita humu humu ndani ya hifadhi ya nyaraka, na aliyeiua ni yeye, binti yake, mtunza nyaraka aliyesomeshwa kwa kalamu ile ile. "Ukishafika sokoni panda juu," baba anasema, "nyuma ya mabucha kuna kichochoro, kinakwenda kinaishia ukutani," na mama anasikika kwa mbali, ndiye aliyeshika kishikwambi kule nyumbani maana macho ya baba siku hizi yanaona vitu vikubwa tu, "Mzee, mimi hapa naona kijivu, hicho kichochoro chako kimehama?" na baba anacheka, anasema hakijawahi kuwepo, nilikitunga, kila mchora ramani ana uongo wake mmoja, ukikiona kichochoro chako kwenye ramani ya mwingine ujue umemkamata mwizi, na hicho nilikichora wiki uliyozaliwa wewe, sikumwambia mtu. "Hata mimi mkeo," mama anasema, "haya, leo tumejua." Wiki aliyozaliwa, na hajui aweke wapi mkono wake, anauondoa kwenye kipanya, anaurudisha, vipande elfu sitini na moja, kwa nini kigome hicho hicho, kana kwamba kinamjua... maana hapo ni ukanda wa saba, na ukanda wa saba anaujua vizuri, alikuwa akiskani ramani ukanda kwa ukanda, kila siku mmoja, siku tisa, kisha akaziunga zote kuwa picha moja nzito ambayo hakuna kompyuta ya nyumbani inayoweza kuifungua, ndiyo maana hukatwakatwa vipande, ukitazama soko unaletewa soko tu, mji wote unabaki kwenye seva unakusubiri, na siku ya kuziunga ndipo ule ukanda wa saba aliuona kama picha yake imetikisika, akasema nitaurudia kesho asubuhi, akaiacha karatasi mezani, yeye, anayewafokea wenzake kila siku kwamba karatasi hailali nje ya droo, na usiku huo bomba la ghorofa ya juu likapasuka. Asubuhi wino ulikuwa umeshuka hadi sakafuni, mji mzima umekuwa maji ya buluu, na mkuu wa hifadhi akamwambia ajali haina kinga, tushukuru picha ipo, na baba alipouliza ramani yangu mmeiweka wapi yeye akamjibu imehifadhiwa vizuri, baba, na moyoni akajitetea kwamba huo si uongo, picha si imehifadhiwa... mficha maradhi, kifo humuumbua, na kifo chenyewe ndicho hiki, mraba wa kijivu, kwani kama ukanda wa saba uliharibika tangu mwanzo basi kichochoro hakipo popote duniani, si kwenye karatasi, si kwenye seva, kipo kichwani mwa mzee wa miaka sabini na tisa ambaye haoni vizuri. "Umekiona kichochoro?" baba anauliza, na ulimi unamtangulia, "Baba, ile ya karatasi iliingia maji. Niliiacha mezani mimi mwenyewe. Imekwisha," na anafumba macho.

Mama kwa mbali, "Amesemaje?" na baba, taratibu, "Amesema ramani imelowa," kisha binti anasikia saa ya ukutani ya sebuleni kwao, anajiandaa, baba aseme lolote tu, agombe, lakini anauliza, "Hiyo iliyolowa, ilikuwa na doa la chai pembeni?" Hapana, baba, haikuwa na doa. "Basi ni ya pili." Ya pili? "Ya kwanza niliimwagia chai birika zima, mwanangu, nimebakiza mwezi mmoja kuimaliza. Nikamwambia mkubwa wangu paa linavuja. Wakaja mafundi, wakaezeka upya paa zima ambalo halikuwa na tundu," na mama anasema kumbe ndiyo maana mwaka ule ulikuwa unarudi umenuna kama umepigwa, nami nina mimba yangu nadhani umenichoka, na baba anasema, "Nikaanza upya. Mkono ulishajua njia, ikatoka nzuri kuliko ile. Ile ya kwanza hata hicho kichochoro haikuwa nacho, ulikuwa hujazaliwa." Na yeye anacheka huku machozi yanamtoka, miezi mitatu amebeba gunia peke yake, maji yakimwagika hayazoleki, sawa, lakini mzee huyu alikaa akauchora mji tena... na hapo ndipo kidole kinapata akili, anairudisha picha nyuma hatua moja, mji uonekane kwa mbali zaidi, jambo ambalo angelifanya mapema kama hofu isingemshika mkono, na pale nyuma ya mabucha, hafifu, kama unywele ulioanguka kwenye sahani, kuna mstari, unakwenda, unaishia ukutani. Upo. Na picha ndogo huzaliwa na kubwa, yeye mwenyewe ndivyo anavyowafundisha wageni wa kazi, unaanza na kubwa iliyo wazi, unaipunguza nusu, na nusu tena, hadi mji wote uenee kwenye kiganja, kwa hiyo kama hafifu ipo basi iliyo wazi ilikuwepo kabla yake, ukanda wa saba ni mzima, kipande kimekwama njiani tu, na kisipofika atakata kingine kutoka kwenye ile picha kubwa. Anaikuza tena. Kijivu, na kiduara kinazunguka. "Vipi," baba anauliza, "kimefunguka?" Anavuta kiti karibu. "Bado, baba," anasema. "Lakini kipo."