Shubiri Juu ya Mkate

Kila mwanamke aliyewahi kumwachisha mtoto ziwa anaijua kazi ya shubiri. Unajipaka kwenye chuchu, mtoto ananyonya mara moja, anakunja uso, analia, yamekwisha. Sisi wa Kiwandani pale Hobart tuliipaka kwenye mkate.

Waliiita Kiwanda, lakini ilikuwa jela ya wanawake, imejengwa bondeni chini ya mlima, mahali ambapo jua lilipita haraka kama mtu anayekwepa kuombwa. Mimi, Keziah Pobjoy, nilikuwa dobi London. Mashuka ya tajiri wangu niliyafua, nikayapiga pasi, kisha nikayauza, na kwa hayo nikahukumiwa, nikavushwa bahari hadi koloni hili la wafungwa. Huku nikapelekwa kutumika nyumba za watu, nikarudishwa na mimba, na binti niliyemzaa akafa kwa kikohozi katika chumba cha watoto. Maziwa yakakauka. Wakaniacha mumo humo nisugue sakafu na kuwaangalia watoto wa wenzangu, nami nilikuwa nimechoka hata sikujali niko wapi.

Kubeba mimba bila mume kulikuwa kosa, na adhabu yake ilikuwa ikikungoja. Mama alikaa na mtoto wake maadamu ananyonya. Siku mtoto akianza kula, mama alivushwa upande wa pili wa ukuta, kwenye ua wa adhabu, akasimame kwenye mapipa kufua nguo za mji mzima. Mtoto alibaki kwetu, akilishwa mkate uliolowekwa kwenye maji, na wengi hawakudumu. Basi kila Jumatatu daktari alipopita na kipande chake cha mkate kumjaribu mtoto mmoja mmoja, watoto wetu walitema. Shubiri tuliiba kwenye sanduku lake mwenyewe.

Hakuna aliyeiweza kazi hiyo kama Honora Tuohy, msichana wa Kiayalandi aliyeletwa kwa wizi wa kondoo. Alikuwa kifungua mimba katika nyumba ya watoto wengi, na watoto aliwajua kama mimi nilivyojua sabuni. Mwanawe Felim akiuona mkate tu aligeuza uso kama padri aliyekaribishwa kilabuni.

"Unazidisha, mama Felim," nilimwambia. "Mchelea mwana kulia hulia yeye."

"Alie, lakini alie mapajani kwangu," alinijibu. "Wewe sugua sakafu yako, Keziah."

Jumatatu moja daktari hakuja na mkate. Nadhani alikuwa ameshatushtukia. Alitia kidole kinywani mwa Felim, na Felim, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukumbuka kumpakia shubiri kwenye kidole, akakiuma.

"Mwenye meno na ale," daktari alisema, akijifuta. "Mama yake avuke leo hii."

Tulimcheka daktari kidogo, kabla hatujamtazama Honora. Alikuwa amenishika mkono kwa nguvu.

"Keziah, huyu hatakula. Nimemfundisha mwenyewe asile."

"Njaa itamfundisha upya."

"Njaa itaniulia! Hebu nisikilize. Nguo za watoto zinapelekwa kule kufuliwa. Kitambaa chake cha kifuani nimekishona uzi mwekundu pembeni. Kikija kichafu, nitajua anakula. Kikija safi, haki ya mama yangu, navunja kila kioo kule mpaka wanirudishe."

"Wakurudishe wapi, mjinga wewe? Watakunyoa kipara, wakufungie gizani, kisha wakutupe huko mashambani, na mtoto humwoni tena."

"Basi kisije safi," alisema, na Bi Lugg, msimamizi wetu, akamsukuma mlangoni.

Sikutaka kumpenda yule mtoto. Nilikwisha kuzika mmoja na sikuwa na nguvu za mwingine. Lakini alikuwa kitanda cha karibu na ndoo yangu, na alilia. Nilimpa mkate uliolowekwa, akatema. Nikautia sukari niliyoiomba jikoni, akatema. Nikautafuna mwenyewe ukalainika, nikamwekea ulimini, akanitemea usoni, nikamtukana matusi yote ya mjini kwetu. Wenye maziwa walimpa ziwa la wizi mara moja moja, Bi Lugg akigeuka, lakini nao walikuwa mifupa mitupu wenye watoto wao.

Siku ya kufua ilipofika, kile kitambaa chenye uzi mwekundu kilikuwa safi, kama cha mwanasesere wa dukani. Nilikishika muda mrefu. Kisha nikachovya vidole kwenye bakuli la uji wa mkate, nikakipaka. Nilikipaka kwa ustadi, maana mimi ni dobi, na uchafu ndio ulionilisha.

Jemima, bibi kizee aliyebeba kapu la nguo kati ya ua wetu na ule wa adhabu, alirudi akihema.

"Amekitazama?" nilimuuliza.

"Amekitazama."

"Akasemaje?"

"Akakifua. Ulitaka akiimbie?"

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilirefuka. Siku ya kufua ilikuja, nikapaka. Ikaja nyingine, nikapaka. Felim alizidi kukonda, macho yakawa makubwa kuliko uso, na kule ng'ambo ya ukuta Honora alikuwa kimya, anafua, mikono ndani ya maji ya baridi, ameridhika kwa sababu yangu. Nilijichukia. Mtoto akifa, nitamwambia nini mwenzangu, kwamba nimekuwa nikimwandikia kifo chake kwa uji?

Kilichotokea hakikutokana na akili yangu. Jioni moja nilichoka, basi. Nilikwisha kubembeleza, nikafoka, nikabembeleza tena. Nikakaa chini kando ya kitanda chake, nikampa mgongo nusu, nikaanza kula mkate wangu mwenyewe, mkavu, bila kumtazama. "Wewe usile," nilimwambia. "Mimi nina njaa."

Nikasikia mkono mdogo unanipapasa shavuni. Ukashuka kwenye mkate, ukang'oa kipande, na kabla sijageuka kilikuwa kinywani mwake. Alikitafuna kwa hasira, akinikazia macho kama mtu anayengoja kunyang'anywa.

Nikacheka mpaka machozi. Kumbe ni wetu kweli: cha kupewa alikikataa, cha kuiba akakila.

Tangu hapo nilikula mbele yake kila siku nikijifanya sioni, na kila siku aliniibia. Siku ya kufua kile kitambaa sikukigusa. Kilikuwa na mkate, mate na uchafu usio na jina, mpaka kwenye kamba za shingoni. Nikamkabidhi Jemima kapu, nikarudi kwenye sakafu yangu.

Jioni Jemima aliniletea nguo safi, akaniinamia sikioni.

"Honora kasema uchafu wa leo ndio wa Felim. Ule mwingine wote ulikuwa wako."

"Kasema hivyo?"

"Kasema unapaka kama fundi anayepiga lipu, katikati, sawasawa. Mtoto hujipaka mpaka kisogoni. Kasema udobi wako ulikupa kiburi tu."

"Alijua tangu lini?"

"Tangu ule wa kwanza."

"Na mbona hakuvunja hata kioo kimoja?"

"Nami nilimuuliza hivyo hivyo. Kasema, mtu anayekaa kitako akampakia mtoto uji kwenye kitambaa, huyo hajamwacha mtoto peke yake."

Nilikuwa bado nimesimama na maneno hayo Bi Lugg alipoanza kupekua kapu. Alilipekua hadi chini.

"Kitambaa kimoja hakipo, Pobjoy. Chenye uzi mwekundu."

Mimi nilijua kiko wapi. Kiko kifuani mwa mtu ng'ambo ya ukuta, hakijafuliwa, wala hakitafuliwa.

"Kitakuwa kimechukuliwa na maji, bibi," nilisema.

"Basi na mkate wako wa leo umechukuliwa na maji."

Nikaenda kukaa chini kando ya kitanda, mahali pangu pa siku zote. Felim akautoa mkono wake, akanipapasa shavu, akanipapasa viganja, cha kulia na cha kushoto, asikute kitu. Uso ukamkunjika. Akapiga yowe lililowaamsha watoto wote wa chumba kile, akililia mkate.